Jinsi Majangili wa Mara Walivyoonekana Gizani

Mwaka 2016, majangili waliozoea kuingia Maasai Mara, Kenya, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, walianza kukamatwa usiku bila kuelewa wameonekana vipi. Hakuna aliyewamulika kurunzi. Askari mmoja alikaa garini, macho kwenye skrini, akiwaongoza kwa redio wenzake waliotangulia kwa miguu. Juu ya gari ilifungwa kamera ya joto iliyoletwa na shirika la uhifadhi la WWF na kutengenezwa na kampuni ya FLIR ya Marekani. Kabla mwaka haujaisha, zaidi ya majangili 24 walikuwa wametiwa mbaroni.

Kila mwili wenye joto hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, na ya binadamu hukolea kwenye wimbi la mikromita 9 hadi 10. Kamera za kijeshi za zamani ziliinasa kwa kupozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtambo wa kupozea ulikuwa mzito, ghali na rahisi kuharibika.

Katika miaka ya 1980, maabara ya Honeywell huko Minnesota ilikwepa adha hiyo. Ilitengeneza vibamba vidogo mno vya oksidi ya vanadi, kila kimoja kimeinuliwa juu ya silikoni kwa miguu miwili myembamba, mfano wa kichanja cha kuanikia vyombo, ndani ya kifuko kisicho na hewa. Mionzi ikikipiga kibamba, kinapata joto kidogo sana na ukinzani wake wa umeme unashuka, takriban asilimia 2 kwa nyuzi moja. Kila kibamba ni nukta moja ya picha. Marekani iliondoa usiri wa kazi hiyo mwaka 1992, ndipo kamera zikaanza kufika uraiani.

Vibamba havifanani kwa usahihi, na hilo husumbua. Kila baada ya muda kifuniko kidogo hujifunga mbele yake, tak!, picha inaganda kidogo, kamera inavisawazisha vyote kisha inaendelea. Asiyejua hudhani imekufa. Lenzi nayo ni ya gerimani, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia mionzi hiyo.

Je, kamera hii ingefaa Kigoma, magharibi mwa Tanzania? Mara kwa sehemu kubwa ni nyika ya wazi, mtu huonekana akiwa umbali wa zaidi ya kilomita moja. Kuanzia Mabamba hadi Kasulu kuna miombo, na kamera hii haipenyi majani. Wanaopanga doria za pori la akiba la Moyowosi waanze kwenye mbuga za majimaji, si msituni.