Kikaragosi Hakina Haraka

Mwaka 1991, watafiti wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichoka kwenda hadi kwenye mashine ya kahawa na kukuta birika tupu. Wakaielekezea kamera, wakawa wanalitazama birika wakiwa wamekaa mezani pao. Picha ilikuwa ya rangi ya kijivu, pikseli 128 kwa 128. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kamera ya kompyuta ya kwanza duniani, na kazi yake ilikuwa kukodolea macho kitu kilichotulia.

Wajukuu wake wamefunzwa kazi nyingine. Kamera inayobandikwa leo juu ya kioo cha kompyuta imeundwa kwa ajili ya uso wa mtu anayezungumza, anayegeuka, anayeinama kuchukua kikombe. Inakimbizana naye picha 30 kwa sekunde, na ili isiachwe nyuma inatupa mengi njiani: inapunguza muda wa kukusanya mwanga, inabana picha, inakisia rangi. Ndiyo maana watu wa filamu huidharau. Na ndiyo maana napenda kumtazama fundi wa filamu za vikaragosi, zinazopigwa picha moja moja, akiichukua kamera hiyo hiyo ya bei ya chini na kuanza kuidai, kimoja baada ya kingine, vyote ilivyovitupa.

Hoja yake ni moja tu: kikaragosi hakina haraka.

Sanamu ya plastisini inasogezwa mkono kwa unene wa sarafu. Fundi anaondoa vidole, anapiga picha, anarudi. Filamu huenda fremu 24 kwa sekunde. Mafundi wengi hupiga picha 12, kila moja ikaonyeshwa mara mbili. Dakika moja ni picha 720. Ray Harryhausen, fundi wa kazi hiyo hiyo, alitumia zaidi ya miezi minne kwa pambano la mifupa katika filamu ya Jason and the Argonauts ya mwaka 1963, tukio la dakika chache tu. Kwa mtu wa subira hiyo, kamera ikiomba sekunde tatu za ziada si neno.

Jambo la kwanza analolifanya fundi kabla hajagusa sanamu: anainyang'anya kamera maamuzi. Ikiachwa yenyewe, hupima mwanga upya kila wakati. Mkono wenye shati jeupe ukipita mbele yake, inapunguza mwangaza. Mkono ukitoka, inauongeza, lakini si lazima irudi palepale ilipokuwa. Kwa jicho tofauti hiyo ni ndogo mno. Zipange picha hizo 12 katika sekunde moja, na ukuta mzima utakuwa unapepesa kama taa inayotaka kuungua. Kwa hiyo fundi anafungua mipangilio na kuzima kila kilichoandikwa otomatiki: mwangaza, rangi, umakini wa lenzi. Anachagua mwenyewe, kisha hagusi tena hadi onyesho liishe. Na yeye mwenyewe amevaa nguo nyeusi, anasimama palepale kila anapobonyeza, kwa sababu anajua kuwa mwili wake nao ni ukuta unaorudisha mwanga.

Kisha taa. Dirisha ni rafiki wa mpiga picha wa harusi. Kwa kazi hii ni msaliti. Wingu moja likipita, saa nzima ya kazi inabadilika rangi. Pazia zinafungwa. Zinawashwa taa mbili, kubwa kwa upande mmoja, ndogo kwa upande wa pili, na mbele ya ile kubwa inaning'inizwa karatasi nyembamba ya kuokea keki ili kivuli kiwe laini. Kadi nyeupe inasimamishwa upande wa giza. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu nyingi hupigapiga mara 100 kwa sekunde. Hivyo fundi huweka kamera kwenye chaguo la 50, si 60, na kuchagua muda wa mwanga unaobeba mapigo kamili: sehemu ya 50 ya sekunde, au ya 25. Aliyekwishaona balbu ikififia friji linapoanza kuunguruma anaelewa kwa nini wengine huwasha taa za LED kwa betri.

Lenzi nayo ina mambo yake. Kamera nyingi za bei ya chini zimewekwa zione vizuri umbali wa mtu aliyekaa mezani; sanamu ya sentimita 10 ikisogezwa karibu inakuwa ukungu. Katika baadhi ya kamera hizo, ukifungua ganda utakuta lenzi imekaa kwenye uzi kama skrubu. Ukiizungusha kidogo kwenda nje, vitu vya karibu vinaonekana wazi. Mafundi huizungusha digrii chache, wakatazama, wakarudisha nusu. Halafu kamera inafungwa kwa selotepu kwenye ubao uliobanwa mezani, na meza yenyewe haitikiswi.

Sasa tufike kwenye chenga. Kila aliyekua na televisheni ya antena anazijua: zile punje zinazochemka juu ya picha. Kihisi cha kamera hii ni kidogo, mwanga kinaoupata ni kiduchu, basi kamera huukuza kwa nguvu. Ni sawa na kuongeza sauti ya redio iliyo mbali na kituo: mtangazaji anasikika, na mkwaruzo nao unapanda. Dawa ni kupunguza ukuzaji na kuurefusha muda wa kukusanya mwanga. Lakini kamera inayotoa picha 30 kwa sekunde haiwezi kuipa kila picha zaidi ya sehemu ya 30 ya sekunde. Fundi anaishusha hadi picha 5. Nafasi inafunguka.

Hapo anavuna faida ya pili bila kuitafuta. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080 ambayo haijabanwa ina uzito wa takriban megabaiti 4. Kwa 30 kwa sekunde ni zaidi ya megabaiti 120, na waya wa USB 2.0 hata kwa hesabu ya karatasi haupitishi zaidi ya 60. Ndiyo maana kamera inabana picha kabla ya kuituma, na kingo za vitu zinatokea na madoadoa. Kwa 5 kwa sekunde mzigo ni kama megabaiti 21 tu. Kamera inayokubali kutuma picha bila kuibana inaweza kuileta nzima.

Bado zinabaki chenga kidogo, na hapa ndipo ninapomvulia fundi kofia. Hapigi picha moja, anapiga 16 za mkao uleule, kisha programu inatafuta wastani wa kila pikseli. Ni kama mashahidi 16 wa ajali moja: kila mmoja anatia chumvi kwa namna yake, lakini walichokiona ni kimoja. Chumvi zinafutana, ajali inabaki. Kihesabu, picha 4 hupunguza chenga kwa nusu, picha 16 huzifikisha robo. Wapenzi wa nyota walikuwa wakifanya hivyo tangu zamani, wakifunga kamera kama Philips ToUcam kwenye darubini na kupata pete za Zohali kutoka kwenye kifaa cha kuongelea na jamaa. Lenzi iliyotia ukungu haitibiwi kwa wastani, wala weupe ulioungua. Ila chenga hutibika, na bei yake ni sekunde tatu.

Wazee walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Katika chumba hiki methali inageuzwa: anayechelewa ndiye anayemtambua mwanawe. Mkongo Jean-Michel Kibushi, mmoja wa waasisi wa filamu za namna hii barani Afrika, aliiita studio yake Malembe Maa. Na malembe, kwa Kilingala, ni polepole.

Uzuri huo wote ni wa nini? Nikiisogelea picha iliyokamilika, kitu cha kwanza ninachokiona kwenye shavu la sanamu ni mistari myembamba iliyojipinda. Ni alama ya dole gumba la aliyeifinyanga, na katika picha ya jana, yenye chenga, haikuwapo.