Mnazi ni wa Nani?

Kila aliyekalia dawati la sekondari hapa Kenya analijua swali hili: "Katika shairi hili, ndege anawakilisha nani?" Na kila mmoja anayajua majibu. Ndege ni mpenzi aliyeondoka. Ua ni mwari. Mti ni taifa, mizizi ni mila, upepo ni mabadiliko. Ukiandika kwamba ndege ni ndege, umepata sufuri.

Sina ugomvi na walimu. Fumbo ni damu ya ushairi wetu. Kidege wa wimbo wa "Malaika" si wa kufugwa tunduni, na waridi la taarabu halihitaji mbolea. Anayeimbiwa anajijua, na jirani anayesutwa naye anajijua. Ila swali hilo likirudiwa miaka minne mfululizo linatuachia tabia moja mbaya: tunausoma mti kwa kuuruka. Tunafika kwenye maana kabla hatujafika kwenye mti. Na mtu akishazoea kuuruka mti kwenye karatasi, hatauona hata ukikatwa nje ya dirisha lake.

Chukua neno chozi. Riwaya ya Assumpta Matei, *Chozi la Heri*, ilisomwa na wanafunzi wa nchi nzima kama kitabu cha lazima. Anwani ikachambuliwa mpaka ikachambuka: chozi la furaha, chozi la huzuni, chozi la heri. Sawa, ndiyo maana iliyokusudiwa. Lakini chozi pia ni ndege, mdogo wa kutoshea kiganjani, mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Dume lake hung'aa juani kama mafuta juu ya maji. Utamkuta kwenye ua la mgomba akifyonza utamu wake. Nimewauliza wenzangu wa rika langu. Wengi wanamjua kwa sura, jina hawana. Neno walikuwa nalo mkononi miaka yote hiyo, kwenye jalada la kitabu.

Mimi naandika haya nikiwa Magogoni, Kisauni. Si ile Magogoni ya Dar es Salaam yenye Ikulu na kivuko. Hii yetu ina matatu, tuktuk na vumbi, na ukiteremka upande wa hori ya Tudor unakutana na mikoko. Tangu niache chuo naishi kwa kuwaandikia watu wa mbali makala za mtandaoni, malipo kwa neno. Kila ikikaribia Machi maombi huwa yaleyale: bustani za machipuko, ndege wa machipuko, rangi za kupaka sebule wakati wa machipuko. Naandika, nalipwa, nalipa kodi ya chumba kwa majira ambayo sijawahi kuyaona. Huko kwao yana maana. Mtu aliyekaa miezi ya baridi akitazama matawi matupu ana haki ya kupiga kelele akiona chipukizi.

Kinachonisumbua ni kuyakuta machipuko hayo kwenye mashairi yetu wenyewe. Kijana wa Likoni anaposti shairi la mapenzi, ndani yake theluji inayeyuka moyoni. Mwengine wa Kilifi anasema mpenzi wake amekuja "kama machipuko baada ya baridi kali". Baridi kali gani, ndugu yangu, na wewe unalala na feni? Chini ya shairi wasomaji wanaandika "taswira nzuri sana". Hakuna anayeuliza: taswira ya wapi?

Na si kwamba sisi tulikosa majira. Sikiliza lugha. Kusi ni upepo, na kusini ni upande unaotoka. Kaskazi na kaskazini vilevile. Yaani kwetu majira yana upande, unaweza kuyaelekezea uso. Neno majira lenyewe ni wakati, na kwa mabaharia ni njia inayoshikwa na chombo. Msimu tumeutoa kwa Waarabu, na lugha za Ulaya zikalichukua neno hilohilo kuziita pepo za Bahari Hindi. Kati ya kaskazi kufa na kusi kushika kuna tangambili, siku za upepo kigeugeu. Kisha inakuja mvua kubwa ambayo wazee wa Mombasa huiita mvua ya mwaka na Unguja huiita masika. Wakulima na mabaharia walikuwa na mwaka wao wa jua, wakiuhesabu kwa miongo, siku kumi kumi, kuanzia Siku ya Mwaka, ile ambayo watu wa Makunduchi wanaiadhimisha mpaka leo kila Julai. Watu waliohesabu siku kumi kumi walikuwa na sababu ya kutazama nje.

Basi Aprili, wakati wateja wangu wanashangilia machipuko, huku kuna nini? Kuna kuagana. Kwenye matope ya hori za pwani, Mida na kwengineko, kuna vitwitwi na sululu waliofika tangu Agosti na Septemba wakikimbia baridi ya kwao. Sululu ana mdomo mrefu uliopinda chini; jina lake ni lilelile la chombo cha kuchimbia, na ukimwona anavyochokoa kaa matopeni hutauliza sababu. Kati ya vitwitwi yumo mmoja ambaye miezi yote anayokaa hapa ni wa kijivu tu, humtazami mara mbili. Machi ikielekea kwisha, kifua chake kinaanza kuingia rangi ya kutu. Wiki chache baadaye amekuwa mwekundu, kisha hayupo. Nguo ya arusi ameivalia kwetu, arusi yenyewe iko Siberia.

Hayo ndiyo machipuko tunayoyapata sisi: ya wageni wanaofunga mizigo. Sasa niambie, mshairi wa Mombasa anayetaka kumlilia mpenzi aliyekwenda Ulaya, au dada aliyekwenda kufanya kazi Ghuba, ana haja gani ya kukopa theluji? Ndege wake yupo hapa, anabadilika rangi mbele ya macho yake wiki chache kabla ya kuondoka. Fumbo limekuja lenyewe mpaka mlangoni. Linataka mtu wa kulitazama kwanza.

Na yapo mengine. Mwembe huanza kutoa maua baridi ya kipupwe ikikaribia kukatika, vishada vya rangi isiyojitangaza, na maembe huiva kaskazi ikivuma. Mti ambao Waunguja huuita mkrismasi, uliotoka Bukini, huwaka mwekundu mwisho wa mwaka, miezi ileile ambayo kaskazini ya dunia miti imebaki mifupa. Mkungu hugeuza majani yake mekundu kisha ukayamwaga, na mara nyingi jirani yake uko kijani kibichi, kila mmoja na saa yake. Dudumizi akiguguma kichakani, nyanya atakwambia anua nguo. Hakuna hata kimoja hapo kinachoitwa machipuko, na hakuna kilichopungukiwa.

Wakubwa wetu walilijua hili. *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ilitungwa yapata miaka 200 iliyopita juu ya magofu ya Pate. Kila mhakiki hukwambia kwamba inasema dunia ni ya kupita. Kweli. Lakini kwamba dunia ni ya kupita kumesemwa na maelfu ya watu, na wengi wao tumewasahau. Huyu hatumsahau kwa sababu aliingia ndani ya nyumba zile na kuwahesabu wapangaji wapya. Madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani sasa yamelaza makinda ya ndege. Popo wana sehemu yao, ngende wana ukumbi wao. Kila kiumbe yuko mahali pake hasa. Popo angekuwa "ishara ya uharibifu" tu, angetosha kutajwa popote. Kinachouma ni kwamba nyumba imehamiwa, na wahamiaji wako starehe. Kifo cha mji kimesemwa kwa kiota.

Rudi sasa karibu na nyumbani. Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa kuandika waraka wa *Kenya: Twendapi?* Mashairi ya kifungoni yakatoka mwaka 1973 katika *Sauti ya Dhiki*. Humo kuna "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo Alii na Badi wanabishana juu ya mnazi. Uchambuzi wa kawaida unajulikana: mnazi ni Kenya, mmoja ameshika matunda ya uhuru na mwenzake anadai sehemu yake. Mwanafunzi anaandika hivyo, anapata alama zake, anafunga daftari.

Mimi nasema uchambuzi huo ni sahihi na ni mfupi mno. Kwa nini mnazi? Kwa nini si mbuyu, ambao ni mkubwa zaidi, au mvule, ambao ni wa thamani zaidi? Kwa sababu mnazi ni mti unaopandwa na mmoja akaula mwengine miaka sitini baadaye. Haungoji msimu. Wakati wowote ukitazama juu kuna karara inapasuka, kuna kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, vyote kwenye mti mmoja kwa siku moja. Mtu akiushika hana kipindi cha kusema "ngoja msimu uishe tugawane", na asiyekuwa nao hana msimu wa kupumzika na wivu. Ugomvi wa mnazi ni wa kila siku. Na kuupanda ni kazi ya roho mkononi: anayekwea na anayengoja chini hawawezi kuuona kwa jicho moja. Ubishi wote wa Alii na Badi umo kwenye mwili wa mti kabla haujawa siasa.

Tena kuna jambo ambalo msomaji wa pwani analo na mwongozo wa mtihani hauna. Mombasa kuna utaratibu wa zamani wa kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi. Kuta ni zako, udongo una mwenyewe, na mwenyewe unamlipa. Miti nayo hivyohivyo: kwa mila za pwani mtu aweza kuwa na mnazi au mwembe wake ndani ya shamba la mtu mwengine, na watoto wake wakaurithi. Kisauni nzima inalielewa jambo hili bila kufunguliwa kamusi. Mwalimu anauliza mnazi ni nini. Shairi linauliza mnazi ni wa nani. Swali la kwanza lina jibu nyuma ya mwongozo. La pili lina kesi mahakamani.

Nisije nikaonekana nadai kwamba lugha yetu ni malaika na tatizo ni shule tu. La. Chukua mkoko. Kwa karne nyingi miti yake ilipakiwa majahazini kupelekwa Uarabuni kuezeka nyumba, hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Angalia msamiati uliobaki: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Yote ni majina ya mti uliokwisha kukatwa, kwa unene wake. Lugha imeupima mkoko kwa jicho la mnunuzi. Na hapa tunaishi mahali panapoitwa Magogoni, jina lililotoka kwenye gogo, yaani mti ulioanguka. Kwa hiyo kazi ya mwandishi hapa haiishii kwenye kufukua maneno ya wazee. Mengine itabidi tukayatafute wenyewe, matopeni, maji yakitoka.

Na muda si mwingi. Ndege anayeonekana zaidi Mombasa ni kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ale taka, akaenea pwani nzima akila na makinda ya ndege wadogo. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja. Tuseme wakapungua kweli. Nani atatambua ni ndege gani amerudi kwenye mpera wa jirani, ikiwa tuna neno "ndege" peke yake? Vilevile mwembe ukikatwa ipate kusimama ghorofa, gazeti litaandika "miti ilikatwa". Miti gani? Ya nani? Ilikuwa na maua? Asiyekuwa na jina hana hasara ya kuhesabu.

Ndiyo maana nawaomba wahakiki wenzangu, wa darasani na wa simuni, tubadilishe mpangilio wa maswali. Kwanza: ni mti gani, ni ndege gani? Pili: uko wapi, na upepo gani unavuma? Tatu: ni wa nani? Shairi likijibu hayo, uliza sasa linawakilisha nini, na utaona jibu limenenepa. Likishindwa hata la kwanza, tusiseme taswira ni nzuri. Tuseme hakuna taswira.

Mahali pa kuanzia papo. Kwenye ukingo wa mikoko unaotazama maji kuna mlilana. Ua lake hufunguka jioni, nyuzi nyeupe kibao, na popo hulijia gizani. Asubuhi nyuzi zimeshadondoka, zinaelea. Kazi yote imefanyika usiku mmoja, watu wamelala. Shairi lake mimi bado sijalisoma. Anayelijua aniletee; asiyelijua, maji yakitoka leo jioni, njia ya kuteremkia iko wazi.