Heko, Wafunga Nzi wa Kenya

Chanda chema huvikwa pete. Vyanda vya wafunga nzi wa Kenya, mafundi wa chambo bandia cha kuvulia samaki, vinastahili pete kumi. Mwaka 1905 trauti kutoka Scotland walipandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, na uvuvi wa nzi bandia ukapata makao. Fundi huibana ndoana kwenye jiliwa, akaizungushia uzi na manyoya ya jogoo hadi mdudu azaliwe. Nzi wa trauti aweza kuwa mdogo kama punje ya mchele, aelee juu ya maji. Wa kolekole huwa mkubwa, mfano wa dagaa anayekimbia. Nzi hao huvuka bahari hadi Ulaya na Marekani, jina la fundi likibaki nyumbani. Samaki hudanganyika, sisi hatudanganyiki: kazi hii ni yenu.