Joho Jeusi, Hema Jeupe

Siku ya mahafali ya Mount Kenya University mjini Thika, wapiga picha hujipanga kando ya barabara tangu asubuhi: kamera shingoni, flashi juu yake, printa ndogo chini ya mwavuli, picha za sampuli zimebandikwa ubaoni. Wateja wao wana haraka. Nyanya amechoka, watoto wana njaa, matatu ya kurudi nyumbani iko karibu kujaa. Mpiga picha humsimamisha mhitimu juani, joho jeusi likijaza theluthi mbili za picha, akabonyeza. Kisha familia inamvuta mhitimu huyo hadi kivulini, hatua kumi tu kutoka pale, kitambaa cheupe cha hema kikiwaka nyuma yake, naye anabonyeza tena. Mtu ni yule yule na kamera ni ile ile. Lakini kamera ikiachiwa iamue yenyewe itakosea mara mbili, na kwa njia mbili zinazopingana. Katika picha ya kwanza joho litageuka kijivu kama nguo iliyofuliwa miaka kumi, na paji la uso litang'aa hadi ngozi ipotee. Katika ya pili hema litatoka vizuri, hata mishono yake utaihesabu, na uso wa mhitimu utazama gizani kiasi kwamba mama yake atalazimika kuigeuzageuza picha kwenye mwanga ili amwone mwanawe.

Kosa hili halitokani na ubovu wa kamera. Kipimamwanga kilichomo ndani yake hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu. Vitu vyenyewe hakivijui. Kimewekewa kanuni moja, kwamba mandhari yote ukiyachanganya pamoja hupata kijivu cha katikati, kinachorudisha kati ya asilimia 12 na 18 ya mwanga unaokiangukia. Kikikuta weusi mwingi hudhani pana giza, kikaongeza mwanga. Kikikuta weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, kikapunguza. Kamera za miaka ya karibuni huigawa picha vipande vipande na kutafuta nyuso, na hilo limesaidia sana, ila bado zinakisia. Maharusi wanaopelekwa kupigwa picha Blue Posts, hoteli ya mwaka 1908 iliyo baina ya maporomoko ya Chania na ya Thika, huipa kamera mtihani wote kwa pamoja: shela jeupe, suti nyeusi, povu la maji nyuma, na nyuso mbili za kahawia katikati. Dai langu ni kwamba ufundi wa mpiga picha wa Thika na Ruiru uko katika kuikosoa kamera kabla ya kubonyeza, na kwamba kila kifaa anachonunua kipimwe kwa swali hilo: kinamwezesha kuikosoa, au kinamfunga kwenye makisio ya kiwanda?

Makisio hayo yana historia yake. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za Marekani zilizosafisha filamu za Kodak zilikuwa zikirekebisha rangi kwa kutazama kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Wafanyakazi waliiita kadi ya Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa ngozi ya kawaida, na ngozi nyingine zote zikafuata huko zilikoangukia. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada aliyezichunguza kadi hizo, anaeleza kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitoki vizuri pichani. Jambo hilo linauma, na halipaswi kusahauliwa. Lakini miaka hiyo hiyo Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, alikuwa akitoa picha za watu weusi zenye nyuso zilizokamilika kila mstari, kwa mwanga wa jua uani na kitambaa ukutani, na mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Filamu yake haikuwa ya rangi, ni kweli. Hata hivyo somo linabaki: mtu aliyeijua ngozi ya wateja wake hakuhitaji kungoja kiwanda kimwelewe.

Keïta alikuwa na ua wake. Mpiga picha wa barabarani ana jua la ikweta. Thika iko karibu digrii 1 tu kusini mwa mstari huo, kwa hiyo jua la saa sita na nusu mchana, hata mwezi Juni na Desemba linapokuwa limekwenda mbali kabisa, halishuki chini ya digrii 65 kutoka upeo wa macho. Mwanga unaanguka utosini. Nyusi zinatupa kivuli machoni, pua inatupa kivuli mdomoni, na ile kofia bapa ya mahafali inafunika nusu ya uso. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya humshauri msomaji angoje jioni, na ni ushauri mwema kwa mwenye jioni ndefu. Huku kwetu jua huzama karibu wima, na mwanga laini wa kwaheri ni wa dakika chache. Mwezi Julai mawingu hutanda siku nzima na kazi inakuwa rahisi, maana anga lote limegeuka taa moja pana. Miezi mingine lazima mtu ajitegemee, na hapo ndipo flashi inapowashwa mchana kweupe, huku wapita njia wakishangaa.

Hesabu yake yafaa kuangaliwa kwa karibu. Jua likiwa kali, ISO ikiwa 100, kasi ya shata ni sekunde 1/200, kwa kuwa kamera nyingi za bei nafuu haziwezi kwenda sambamba na flashi kwa kasi zaidi ya hiyo. Tundu la lenzi basi linakuwa f/11. Flashi ya kawaida ya kuvikwa juu ya kamera, ikitawanya mwanga kwa upana wa wastani, ina namba ya nguvu ya 36 hivi kwa kipimo cha mita. Gawanya 36 kwa 11, unapata mita 3 na kidogo. Mpaka hapo flashi hiyo inalingana na jua. Na kwa kuwa haja yetu ni kujaza vivuli vya macho tu, hata nusu ya nguvu hiyo yatosha. Sasa chukua lenzi ya milimita 50, ile ndogo ya f/1.8 ambayo ndiyo rahisi kuliko karibu zote, uifunge kwenye kamera yenye sensa ndogo, uishike wima. Kwa mita 3 inamchukua mtu kuanzia magotini hadi juu ya kofia. Vifaa viwili vya bei ya chini vinakutana kwenye umbali ule ule, hatua nne hivi, umbali ambao mpiga picha anaweza kumwambia mteja ainue kidevu bila kupaza sauti. Naona uzuri mkubwa katika hesabu hiyo.

Ndani ya nyumba mambo yanageuka, na hapa sababu ni ngozi yenyewe. Kwenye ngozi nyeupe, umbo la uso husomeka kwa vivuli. Kwenye ngozi iliyokoza, husomeka zaidi kwa mng'ao: mstari wa mwanga juu ya mfupa wa shavu, mgongo wa pua, ukingo wa taya. Chanzo cha mwanga kikiwa kidogo, kama flashi iliyoelekezwa usoni moja kwa moja, mng'ao huo unakuwa doa jeupe linalofanana na jasho. Kikiwa kipana, doa linatanda na kuwa umbo. Ndiyo maana flashi isiyogeuza kichwa, na ile inayochomoza yenyewe juu ya kamera, hazifai kazi hii hata kama ni za bure. Kwenye fleti za Ruiru, zile ghorofa zilizoota kila upande wa barabara kuu ya Thika, dari ni ya saruji, ni ya chini na imepakwa nyeupe; ukiigeuzia flashi, chumba kizima kinakuwa taa. Kanisani chini ya mabati yasiyo na dari hila hiyo haifanyi kazi, mwanga unapotelea kwenye mapaa. Kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya Wagikuyu, ni vigumu zaidi: hema limevikwa vitambaa vya zambarau na dhahabu, ukiupiga mwanga juu unarudi na rangi hizo, na shangazi wote wanageuka zambarau. Dawa yake ni mwavuli mweupe wa studio kwenye stendi ya miguu mitatu, flashi ikiangaza kupitia kitambaa chake. Sijui kifaa kingine cha bei hiyo kinachobadilisha picha kiasi hicho.

Picha za ukoo nazo zina kanuni yake. Mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali: safu ya mbele ikiwa mita 2 kutoka kwenye flashi na ya nyuma mita 4, ya nyuma hupata robo tu ya mwanga. Nyanya aliyeketi mbele atafifia kwa weupe na wajukuu wa nyuma watazama. Rudisha flashi hadi mita 6, safu ya nyuma iwe kwenye mita 8, na sasa ya nyuma inapata zaidi ya nusu. Kufidia umbali huo, pandisha ISO hadi 400, jambo ambalo hata kamera ya zamani hulimudu bila chenga, nguvu ya flashi inakuwa kama imezidishwa mara mbili kwa umbali.

Kuhusu lenzi sina maneno mengi. Ile inayokuja na kamera, ya milimita 18 hadi 55, ni muhimu kwa makundi na vyumba vidogo, ila ukiivuta hadi mwisho tundu lake haliwi pana kuliko f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza karibu mara 10 ya mwanga huo. Katika kanisa lenye mirija michache ya taa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama machozi ya baba ya bibi harusi yataonekana au yatakuwa ukungu. Lenzi kubwa ya milimita 70 hadi 200 yafaa kukodiwa kwa siku inayoihitaji.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni simu, na nalichukulia kwa uzito. Simu nzuri hupiga fremu kadhaa kwa mpigo, ikaziunganisha, ikainua vivuli na kushusha mng'ao, na mwaka 2021 Google iliitoa Pixel 6 ikiwa na marekebisho yaliyolenga hasa ngozi za watu weusi. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini ni makisio yaliyoboreshwa, na yanabaki mikononi mwa kiwanda. Simu nyingi hazina njia ya kuiamrisha flashi kubwa iliyosimamishwa pembeni, na bila hiyo jua la saa sita halijibiwi. La pili ni kamera zisizo na kioo ndani, zinazomwonyesha mpiga picha matokeo kabla hajabonyeza. Kwa anayejifunza kukosoa, hiyo ni zawadi, nami nisingemzuia mwenye uwezo kuinunua. Kwa asiye nao, mabadiliko hayo yamemfungulia mlango: Canon na Nikon zilitoa kamera zao kubwa za mwisho za aina ya kioo mwaka 2020, na tangu hapo za zamani zimejaa sokoni kama mitumba. Mfumo wa lenzi za Canon EF ni wa mwaka 1987 na wa Nikon F ni wa 1959, kwa hiyo lenzi zimerundikana. Mnunuzi wa Nikon aangalie tu, maana kamera zake ndogo hazina mota ya kuzungusha lenzi za zamani. Aulize pia idadi ya mibonyezo ya shata kama anavyouliza kilomita za gari. Dirisha la kutazamia la kamera hizi za kioo halififii juani, na betri moja humaliza mamia ya picha, siku ambayo stima imepotea mtaa mzima.

La tatu ni kwamba makosa yote hurekebishwa kwenye kompyuta. Studioni, labda. Barabarani picha inachapishwa papo hapo, na karatasi haina mwanga wake kama skrini; kivuli kilichokuwa bado kinasomeka nyuma ya kamera hufunga kabisa kwenye karatasi. Wengine watasema mteja hutazama ukubwa wa kamera. Hutazama, mara ya kwanza. Mwaka unaofuata mdogo wake akifuzu, familia hiyo itakuwa imeitazama picha sebuleni miezi kumi na miwili.

Kwa hiyo mwenye pesa kidogo na aanze na flashi yenye kichwa kinachogeuka na nguvu inayopangwa kwa mkono, kisha mwavuli mweupe, kisha lenzi ya milimita 50, na kamera iwe yoyote iliyo nzima yenye kitufe cha kuongeza na kupunguza stopu. Kipimo anacho tayari. Mpiga picha mweusi akiunyoosha mkono wake kwenye mwanga ule ule uliomwangukia mteja, akaijaza kamera kwa mgongo wa kiganja na kupima hapo, kipimamwanga kitataka kuifanya ngozi hiyo kijivu, kwa hiyo anatoa stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Kisha haijalishi joho ni jeusi au hema ni jeupe. Anashusha mkono, anainua kamera, na kumwomba nyanya asogee karibu kidogo na mjukuu wake.