M-Pesa: huduma iliyosanifiwa upya na wateja wake

M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, haikubuniwa kwa ajili ya kutumiana fedha. Jaribio lake la kwanza, lililoanza Nairobi na Thika mwezi Oktoba 2005, liliwalenga wateja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo midogo. Mteja angepokea mkopo kwenye simu na kulipa marejesho yake kwa wakala, bila kubeba noti hadi kwenye kikao cha kikundi cha wakopaji. Lakini kampuni ya simu ya Safaricom ilipoizindua huduma hiyo kwa umma Machi 2007, mikopo haikuwemo. Tangazo lilihimiza jambo moja tu: tuma pesa nyumbani.

Mabadiliko hayo yalitokana na kuwatazama watu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, kampuni mwanahisa wa Safaricom, walioongoza mradi, waliona wateja wakiutumia mfumo kwa namna ambazo hazikupangwa. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliweka mauzo ya siku kwa wakala jioni, benki zikiwa zimeshafungwa, ili fedha zisilale dukani. Wasafiri waliweka fedha walikotoka na kuzitoa walikofika. Wakati huohuo, Faulu ilihangaika kuoanisha miamala ya simu na vitabu vyake. Sehemu iliyokuwa kiini cha mpango ndiyo iliyosumbua zaidi, na ile ambayo haikupangwa ilijiendea yenyewe.

Msingi wa usanifu unaoanza na mtumiaji ni huo: tazama kwanza anachofanya, kisha amua unachojenga. Kilicho kigumu ni kukubali jibu, hasa pale linapokutaka uache wazo lililokuletea ufadhili.

Baada ya kuamua, kila kipengele kilipimwa kwa mtu aliye mbele ya kaunta. Menyu iliwekwa ndani ya laini ya simu, hivyo hata simu ya bei ndogo ilitosha. Ujumbe mfupi ulikuwa risiti ya mteja, na daftari la wakala, ambalo mteja alitia saini, likawa kumbukumbu ya pili kwa wasioamini maandishi ya skrini. Kuweka fedha kulikuwa bure, kwa kuwa mgeni hashawishiki kwa kukatwa siku ya kwanza; hata hivyo wakala alilipwa kamisheni kwa muamala huo. Aliyemtumia mtu asiyesajiliwa alitozwa zaidi, naye mpokeaji akatoa bila makato. Bei hiyo ilimfanya mtumaji mwenyewe awe wa kwanza kumhimiza ndugu yake ajisajili.

Kazi kubwa zaidi haikuonekana kwenye simu. Fedha zilitoka mjini kwenda vijijini, kwa hiyo wakala wa mjini alirundikiwa noti na kuishiwa floti, yaani salio la fedha za kielektroniki, huku wa kijijini akiwa na floti asiyeweza kuigeuza noti. Mteja akiambiwa "hakuna pesa" mara mbili, hatarudi, hata programu iwe nzuri kiasi gani. Ndiyo maana kuendesha biashara hii kulihitaji mawakala wakuu wa kuzungusha noti na floti, pamoja na kukagua mawakala mara kwa mara. Usanifu wa huduma uliendelea kila siku baada ya uzinduzi.

Mfano huo ulipohamishwa, matokeo yalitofautiana. Vodacom iliizindua M-Pesa Tanzania mwaka 2008, na mwanzoni ikakua polepole kuliko Kenya: nchi ni pana, na soko la simu liligawanywa na kampuni kadhaa, tofauti na Kenya, ambako Safaricom ilitawala. Baadaye ilishika. Nchini Afrika Kusini huduma ilizinduliwa mwaka 2010, ikafungwa mwaka 2016. Huko watu wengi zaidi walikuwa na akaunti za benki, na fedha zilishatumwa kupitia maduka makubwa. Jina na menyu vilisafiri. Shida ambayo vilizaliwa kuitatua haikuwepo kwa uzito uleule.

Anayetaka kuiga mafanikio haya basi asianze kwa kunakili bidhaa. Atenge fedha na muda wa jaribio dogo, aandike wateja wanavyoutumia mfumo nje ya maelekezo, na kabla ya kuanza aamue ni matokeo gani yatamfanya aache wazo lake la awali. Bila uamuzi huo wa mapema, jaribio hugeuka kuwa uzinduzi wa taratibu wa jambo lililokwisha kuamuliwa.