Wengi Hadharani, Mmoja Faraghani

Penye wengi pana mengi, ila hayo mengi hayaji yenyewe. Katika utafiti, mtazame mwendesha majadiliano ya kikundi aliyebobea. Watu sita hadi kumi wameketi duara, kinasa sauti kiko katikati, na msaidizi wake pembeni anaandika nani kasema na nani kanyamaza. Mada ni uzazi wa mpango. Amewaita wanawake wa rika moja, maana mkamwana hafungui kinywa mbele ya mama mkwe. Mmoja anasema, "Mume asipokubali, huwezi." Mwendeshaji haafiki wala hapingi, anawageukia wengine: "Kina mama, mnaonaje?" Wanaanza kujibizana wenyewe. Hicho ndicho alichokifuata: kuona watu wanavyosahihishana, na lipi linasemeka hadharani.

Ufundi huu ulinolewa New York mwaka 1941. Paul Lazarsfeld alimpeleka mwanasosholojia mwenzake, Robert Merton, studioni, ambako wasikilizaji wa redio walibonyeza kitufe cha kijani kwa walichokipenda na chekundu kwa wasichokipenda, kisha wakaulizwa sababu. Merton aligundua mara moja kwamba muulizaji alikuwa akiwatilia watu majibu mdomoni. Lazarsfeld akamkabidhi kikundi kilichofuata ili akihoji yeye mwenyewe. Mwaka 1946, Merton na Patricia Kendall walichapisha makala kuhusu mbinu hiyo.

Mahojiano ya kina yanadai utulivu wa namna nyingine. Hapa yupo mtu mmoja, mahali pasipo na sikio la jirani, kwa saa moja au zaidi. Mhojaji hodari haanzi na swali gumu. "Hebu nisimulie, dada, mambo yalikuwaje ulipojifungua mara ya mwisho." Kisha anadodosa taratibu: "Halafu ikawaje?" Msimulizi akinyamaza, hamrukii kwa swali jingine, anamngoja. Ni katika kimya hicho ambapo mwanamke aliyekubaliana na wenzake kikundini anaweza kusema kwamba huchomwa sindano ya uzazi wa mpango kila miezi mitatu, na kadi ya kliniki huificha kwa dada yake. Kule hakudanganya. Alisema kanuni ya mtaa. Huku anasema anavyoishi nayo. Isitoshe, mhojaji anaweza kuahidi kutunza siri yake, ilhali hakuna awezaye kuahidi hivyo kwa niaba ya watu wanane.

Ndiyo maana inasikitisha kikundi kinapochaguliwa kwa sababu ya unafuu tu. Watu wanane katika duara si mahojiano manane, kwani kila neno limezaliwa na neno la mwingine. Wala unafuu wenyewe si mkubwa: saa moja ya sauti huhitaji saa nne au zaidi kuinukuu, na sauti zikipishana kazi huongezeka.

Watafiti wengi mahiri huanza na kikundi ili wajifunze maneno ambayo watu wenyewe huyatumia, ndipo wamwendee mmoja mmoja. Hivyo swali analoulizwa mtu faraghani huwa limeshapita vinywani mwa majirani zake, naye hulijibu bila kutafsiriwa.