Kipime Kitambaa Kwanza: Kutambua Zana Bora za Cheche

Anayechagua zana za kuwashia moto kwa jiwe na chuma hukimbilia chuma, akavutiwa na umbo lake na nakshi zake. Namshauri aanze na kitambaa. Cheche haidumu; isipopata pa kushika, hata chuma bora hakitamsaidia.

Kitambaa

Ni pamba tupu iliyochomwa bila hewa. Kanga kuukuu hufaa sana, mradi isiwe na poliesta, kwani hiyo huyeyuka. Vipande hutiwa katika kopo la rangi ya viatu lililotobolewa tundu dogo kwa msumari, likawekwa juu ya makaa hadi moshi ukome. Liache lipoe kabisa kabla ya kulifungua, la sivyo hewa itaingia na kitambaa kitageuka majivu. Kilichoiva ni cheusi tii na bado kinashikika. Cha kahawia hakijaiva. Kinachosagika vidoleni kimepitiliza. Kipimo cha mwisho ni cheche moja: ikitua, doa jekundu litambae lenyewe bila kupulizwa.

Chuma

Cheche ni chembe za chuma zinazokwanguliwa na jiwe, zikaungua hewani. Kwa hiyo chuma kiwe na kaboni nyingi, tena kiwe kimepashwa hadi chekundu na kuzamishwa ili kiwe kigumu. Tupa kuukuu ni malighafi nzuri. Chuma kisichoshika kutu hakifai. Jaribu chuma chako kwa tupa nyingine: ikiteleza, kimekomaa, ikikikata, ni laini mno.

Jiwe

Gumegume ndilo bora, na kwatzi nyeupe hufuata. Tazama ukingo, usiitazame rangi. Obsidiani ya Naivasha ina ukingo mkali ajabu, lakini humeguka upesi ikigonga chuma. Ukingo ukifubaa, pasua jiwe upate mwingine.

Kazini

Bana kitambaa juu ya jiwe kwa kidole gumba, karibu kabisa na ukingo, kisha kwangua kwa chuma ukishuka. Kikishika, kiviringishie makumbi makavu yaliyochambuliwa, upulize polepole.

Muuzaji akikuonyesha chuma cha kupendeza, mwombe kwanza kipande cha kitambaa chake na ukijaribu palepale. Aliyekiivisha vizuri anaujua moto, na ndiye wa kuaminiwa hata kwa chuma. Kisha hifadhi kitambaa katika kopo lenye kifuniko kinachobana, hasa pwani, maana unyevu hukiharibu kabla ya kingine chochote.